Lebo za nyama ya ng'ombe huku Marekani: "grass-fed" inakuambia nini, na nini haikuambii

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi natokea Arusha, sasa hivi niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu. Kila nikienda kununua nyama nachanganyikiwa na maandishi. Juzi nimepiga picha pakiti mbili. Ya kwanza imeandikwa "all natural, vegetarian fed, no added hormones", halafu ina ngao ya USDA Choice. Ya pili imeandikwa "100% grass-fed, grass-finished", ina ule muhuri wa organic, na chini kwa herufi ndogo inasema imetoka Uruguay. Ya pili bei yake karibu mara mbili. Mume wangu anasema yote ni maneno ya biashara tu, ng'ombe ni ng'ombe. Mimi natafuta nyama yenye ladha kama ya nyumbani na isiyo na madawa. Ninunue ipi? Na nyama ya bucha la halali je, si ndio safi zaidi?

JIBU: Asante sana dada kwa swali, na nashukuru umepiga picha maana ningekuwa nabahatisha. Mimi kazi yangu ni lishe ya ng'ombe wa nyama, nimeifanya nyumbani na sasa naifanya huku, na hili swali naulizwa karibu kila msiba na kila harusi ya Watanzania ninayokwenda, kwaiyo leo acha nijibu kwa kirefu.

Shemeji hajakosea sana lakini hajapatia pia. Maneno mengi pale juu ni ya kweli, serikali haiwaruhusu waandike uongo wa waziwazi. Shida ni kwamba kila neno linajibu swali moja tu, dogo, na wewe ukilisoma unasikia majibu ya maswali matano. Unasoma "natural" unamuona ng'ombe anakula nyasi mlimani, hakuna sindano, hakuna dawa. Neno lenyewe halijasema hayo hata kidogo.

Kwanza ujue ng'ombe wa huku anaishije, ukishajua hilo lebo zinakuwa rahisi. Ndama anazaliwa shambani, wengi majira ya machipuko, ananyonya na kula nyasi na mama yake mpaka miezi 6 hadi 8. Akishaachishwa kunyonya anaweza kukaa malishoni miezi kadhaa tena, halafu wengi wao wanapelekwa kwenye mazizi makubwa ya kunenepesha, wenyewe wanaita fidloti, yako mengi sana Nebraska, Kansas na Texas. Huko anakaa miezi 4 hadi 6 hivi, hachungwi, chakula kinamfuata kwenye hori: mahindi yaliyopikwa kwa mvuke na kukandamizwa, machicha yanayotoka viwanda vya ethanoli, saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) na hei (nyasi kavu) kidogo ili tumbo lifanye kazi. Anaongeza kilo moja na nusu kwa siku au zaidi. Anachinjwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, uzito kilo 600 na kitu. Sisi nyumbani tunaijua hii kwa sura nyingine, kule Shinyanga na Mwanza watu wananenepesha ng'ombe kwa mashudu na maganda ya pamba miezi mitatu kabla ya kupeleka sokoni, wazo ni lile lile ila huku limekuwa kiwanda.

Sasa umeona jambo: karibu kila ng'ombe wa nyama wa Marekani alikula nyasi sehemu kubwa ya maisha yake. Kinachowatofautisha ni miezi ile ya mwisho. Kwaiyo ukishika pakiti swali lako la kwanza liwe hili: huyu ng'ombe alimalizia na nini?

Ndio maana "grass-fed", yaani aliyelishwa nyasi, ina historia ya vurugu kidogo. Mwaka 2007 Wizara ya Kilimo, hiyo USDA, iliweka kiwango rasmi cha hilo neno, kwamba ng'ombe ale nyasi na majani tu tangu aachishwe kunyonya na awe na malisho msimu wote wa nyasi kuota. Januari 2016 kitengo kilichoandika kile kiwango kikakifuta. Watu wengi wakasema basi sasa ni holela, lakini sio hivyo kabisa, kwa sababu kuna kitengo kingine ndani ya wizara hiyo hiyo, FSIS, ambacho ndicho kinapitisha lebo za nyama kabla hazijaenda dukani, na chenyewe bado kinataka nyasi asilimia 100 baada ya kunyonya, na kama alichanganyiwa nafaka basi lebo iseme kiasi, mfano nyasi asilimia 85 na mahindi asilimia 15. Kwenye karatasi iko vizuri. Udhaifu uko kwenye kuhakikisha, maana kinachokaguliwa ni makaratasi aliyoleta mwenye bidhaa, hakuna ofisa anayekwenda kusimama kwenye uzio wa kila shamba. Na pia ile "msimu wa nyasi kuota" inaacha mlango, msimu wa baridi anaweza kufungiwa zizini analetewa hei na bado ni halali, tena hilo mimi silioni kama kosa, Ohio mwezi wa kwanza utamchunga wapi.

Kwaiyo ukiona neno "grass-finished" (aliyemalizia na nyasi) au "100%" limeongezwa kama kwenye pakiti yako ya pili, hapo mwenye bidhaa amejifunga zaidi. Na ukiona imeandikwa "grass-fed, grain-finished" (alimalizia na nafaka) soma mpaka mwisho, huyo ni ng'ombe wa kawaida kabisa aliyemalizia fidloti, isipokuwa wamelitanguliza lile neno tamu. Mimi mwenyewe nilishanunua steki duka moja, kibao cha kwenye friji kimeandikwa grass-fed kubwaa, nafika nyumbani nasoma stika ya pakiti, kumbe ilimalizia nafaka. Tangu siku hiyo sisomi kibao cha ukutani, nasoma stika ya pakiti tu, kwa sababu stika ndio iliyopitishwa.

Ukitaka uhakika zaidi tafuta muhuri wa mtu wa tatu, yaani chombo ambacho sio mfugaji wala sio muuzaji. American Grassfed Association wana muhuri wao, wanataka majani tu tangu kuachishwa kunyonya, hakuna kufungiwa fidloti, hakuna homoni, hakuna antibayotiki, na ng'ombe awe amezaliwa na kukulia Marekani, na wanatuma mkaguzi shambani. Huo ukiuona unaweza kulipa ile bei ya juu na roho yako ikatulia.

Muhuri wa organic je? Huu ni sheria, sio hiari ya mtu, na una ukaguzi wa kweli. Ng'ombe anatunzwa kiorganiki kuanzia theluthi ya mwisho ya mimba ya mama yake, chakula chake chote kiwe kimelimwa bila mbolea za viwandani na bila zile sumu za kawaida za wadudu, hakuna homoni, hakuna antibayotiki, na tangu sheria ya malisho ya 2010 lazima alishwe malishoni siku zisizopungua 120 kwa mwaka na apate huko angalau asilimia 30 ya chakula chake katika msimu huo. Lakini hapa ndipo wengi wanateleza: organic sio lazima nyasi! Mahindi yakilimwa kiorganiki ni chakula halali, na ile asilimia 30 imelegezwa kwa ng'ombe wa nyama anayemaliziwa, kwa muda usiozidi siku 120 za mwisho. Organic inajibu chakula kililimwaje. Grass-fed inajibu chakula kilikuwa ni nini. Ukitaka yote mawili uyaone yote mawili yameandikwa, kama kwenye pakiti yako ya Uruguay.

Sasa "natural". Dada, hili neno naomba ulisamehe kabisa, usililipie hata senti. Maana yake kisheria ni kwamba nyama haikuongezwa rangi wala kitu cha kutengenezwa kiwandani na haikusindikwa sana. Ni habari ya kilichotokea baada ya kuchinja. Ng'ombe alikula nini, alichomwa nini, alikaa wapi, halisemi. Steki mbichi karibu yoyote ile ni "natural" kwa maana hiyo.

"Vegetarian fed" nayo ni ndogo kuliko inavyosikika. Ina maana hakulishwa mabaki ya wanyama. Tangu 1997, baada ya ule ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe Uingereza, kulisha ng'ombe protini za ng'ombe wenzake na wanyama wengine wanaocheua kumepigwa marufuku huku, japo vitu kama mafuta ya wanyama na samadi ya kuku bado vilibaki na nafasi yake, kwaiyo neno lina maana kidogo. Ila mahindi ni mboga, mama. Kwa vitendo ukiiona hii bila "grass-fed" pembeni, jua ni fidloti.

Kwenye homoni nikae kidogo maana ndio unaloogopa. Ng'ombe wengi wa fidloti wanawekewa kidonge kidogo chini ya ngozi nyuma ya sikio, kinaachia homoni taratibu, ananenepa haraka kwa chakula kidogo zaidi, na sikio lenyewe haliliwi. Zinazoruhusiwa ni kama estradiol, progesterone, testosterone, zeranol na trenbolone, na kuna moja inapita kwenye chakula. Serikali ya huku inasema mabaki kwenye nyama ni madogo mno hayadhuru. Ulaya wanasema hapana, na tangu 1989 wamezuia nyama ya ng'ombe wa homoni kuingia kwao, kesi ikafika mpaka Shirika la Biashara la Dunia. Mimi nikisoma vipimo naona kiasi ni kidogo kweli ukilinganisha na homoni ambazo mwili wako unatengeneza wenyewe, sikosi usingizi kwa hilo, lakini namheshimu anayetaka kuepuka, na lebo ya "no added hormones" kwa ng'ombe ina maana ya kweli. Angalia neno "added", zilizoongezwa, maana nyama isiyo na homoni kabisa haipo, hata ya mbuzi wa Monduli ina homoni zake za asili. Na wakikuandikia hivyo hivyo kwenye kuku au nguruwe usiwalipe, kwa kuku na nguruwe homoni za kunenepesha zimekatazwa na sheria, ndio maana pembeni lazima waongeze sentensi ya kukiri hilo.

Antibayotiki ndilo jambo linaloniuma mimi zaidi kuliko homoni. Ng'ombe ana lile tumbo kubwa la kwanza lililojaa bakteria wa kuchachusha majani. Ukimjaza wanga wa mahindi ghafla asidi inapanda, ukuta wa tumbo unapata vidonda, bakteria wanapita mpaka kwenye ini na kutengeneza majipu. Kwaiyo fidloti nyingi zinaweka tylosin kwenye chakula ili kupunguza majipu ya ini, na monensin ya kurekebisha uchachushaji. Tylosin iko kwenye familia moja na dawa tunazotumia sisi binadamu, na bakteria wakiizoea tunaumia wote hata asiyekula nyama. Tangu Januari 2017 imekatazwa kutumia antibayotiki muhimu kwa binadamu kwa ajili ya kunenepesha tu, na tangu Juni 2023 hata zile za dukani zinahitaji cheti cha daktari wa mifugo. Kuzuia ugonjwa bado kunaruhusiwa, na majipu ya ini yanahesabika hapo.

Kwenye lebo sasa, "raised without antibiotics" ina maana hakupewa kabisa maisha yake yote, hata monensin. Lakini ukiona "no antibiotics important to human medicine" hiyo ni nyingine, monensin inaruhusiwa humo kwa kuwa sisi binadamu hatuitumii. Na hapa nikuambie kitu ambacho wauzaji hawakiweki kwenye bango: serikali ilipima sampuli za ng'ombe waliokuwa wanakwenda kuuzwa kama hawajapewa antibayotiki, matokeo yakatoka Agosti 2024, karibu asilimia 20 ya sampuli zilikuwa na mabaki ya dawa. Moja katika tano. Baada ya hapo FSIS imewahimiza wenye bidhaa wapime na watumie wakaguzi wa nje, imehimiza tu, haijalazimisha. Ndio maana narudia, neno peke yake bila muhuri mimi nalipa thamani ya nusu. Organic au muhuri wa mkaguzi wa nje unanipa moyo zaidi.

Ile ngao ya Prime, Choice na Select haihusiani na malezi. Wanaangalia mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu na umri wa ng'ombe, basi. Na kwa sababu mafuta hayo yanakuja haraka kwa nafaka, Prime na Choice nyingi ni za fidloti. Na "Angus" ni habari za ukoo wa ng'ombe na ngozi nyeusi, hakuna neno la chakula pale.

Kuhusu Uruguay usiogope. Nyama nyingi ya grass-fed inayouzwa huku inatoka Uruguay, Australia na New Zealand, kwa sababu kule hakuna theluji ya kufunika malisho na ng'ombe kula nyasi mwaka mzima ndio ufugaji wao wa kawaida. Uruguay kila ng'ombe ana namba yake ya utambulisho anafuatiliwa tangu shambani. Zamani ilikuwa nyama inaingia kutoka nje, inakatwa na kufungwa upya hapa, inapigwa "Product of USA". Wafugaji wa hapa wamelalamika miaka mingi, na kanuni mpya iliyotoka Machi 2024 inasema kuanzia Januari 2026 anayeandika hivyo ng'ombe wake awe amezaliwa, amekulia, amechinjwa na kusindikwa Marekani. Hiyo lebo inakuambia nchi lakini, fidloti ya Kansas nayo ni Marekani.

Halali. Hapa nitasema kwa adabu maana ni jambo la dini na mimi sio sheikh. Lebo ya halali inakuambia ng'ombe alichinjwaje na nani anasimamia. Haikuambii alikula nini. Ng'ombe wa fidloti mwenye kidonge sikioni na tylosin kwenye hori akichinjwa vizuri kwa jina la Mwenyezi Mungu anauzwa bucha la halali, na wengi wa mabucha yale wananunua ng'ombe hao hao wa soko la kawaida. Kama unataka vyote viwili muulize mwenye bucha moja kwa moja ng'ombe wanatoka shamba gani, mwenye kujua atakutajia mara moja.

Afya sasa, kwa kifupi. Nyama ya nyasi ina mafuta machache, omega-3 zaidi, na mafuta yake ni ya njano kidogo kwa sababu ya karotini ya majani, kama yale ya nyumbani. Ni tofauti ya kweli ila usiipandishe sana, omega-3 ya kipande kimoja cha samaki mwenye mafuta inaipita mbali steki yoyote ile. Ukiwa na hela kidogo nunua nyama ya kawaida na samaki mara mbili kwa wiki, watoto watafaidika zaidi.

Ladha ndiyo niliyoiacha mwisho kwa sababu jibu lake halipo kwenye lebo yoyote. Nyama ya Arusha unayoikumbuka ilikuwa ya zebu mwenye nundu, ametembea kilomita nyingi kila siku, ana miaka minne, mitano au zaidi, amekula nyasi tu, amechinjwa usiku na asubuhi yuko buchani ananing'inia, mchana yuko sufuriani kwako. Ya huku ni ya ng'ombe mdogo, hatembei, na nyama inakaa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa wiki mbili tatu ili ilainike kabla hujaiona. Kwaiyo hata hiyo ya nyasi ya Uruguay itasogea karibu, haitafika. Kinachokosekana ni umri na kazi ya misuli. Ukitaka mchuzi unaonukia kama wa nyumbani tafuta miguu, mkia na nyama ya shingo yenye mfupa, na kama utampata mfugaji anayechinja ng'ombe mzima mwenye umri mkubwa hapo ndio umefika kabisa, nyama ngumu lakini supu yake utaikumbuka.

Na wewe uko Ohio, huna sababu ya kuhangaika na supamaketi peke yake. Kaskazini mashariki yako kuna Holmes County, Waamish (jamii ya Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani) wengi wanafuga, na wafugaji wadogo wengi huko wanauza robo au nusu ng'ombe. Mnaungana familia nne, kila mmoja robo. Ng'ombe wa kilo 550 akiwa hai mzoga unatoka kama kilo 330, na nyama ya kupeleka nyumbani baada ya kuondoa mifupa mingi na mafuta ni kilo 200 na kidogo, kwaiyo robo ni kilo 50 hivi, uwe na friza. Muulize mambo manne: alimalizia na nini na kwa muda gani, kidonge cha sikio kiliwekwa au hakikuwekwa, akiugua unamtibu na nini na je huyu wangu alitibiwa, na nani atachinja, maana baadhi ya machinjio madogo yanakubali umlete mchinjaji wako wa Kiislamu ukiwaomba mapema. Mfugaji mwaminifu akikuambia mmoja alitibiwa sindano akiwa ndama usimkimbie, huyo amekuambia ukweli na dawa ile ilishatoka mwilini zamani.

Kwa pakiti zako mbili: ya kwanza ni ng'ombe wa fidloti ambaye hakuwekewa homoni, antibayotiki haijasema lolote, na unalipia maneno mawili yasiyo na uzito. Ya pili amekula nyasi mpaka mwisho, bila homoni wala antibayotiki, kuna ukaguzi nyuma yake. Ya pili ndio inajibu ulichouliza. Usiinunue kwa ajili ya steki lakini, chukua nyama ya kusaga au ya kuchemsha ya muhuri huo huo, bei inashuka sana na ng'ombe ni yule yule. Na ukiichoma moto uwe mdogo, mafuta ni machache inakauka haraka, itoe mapema kuliko ulivyozoea.

Ukiamua la robo ng'ombe, mpigie mwenye machinjio kabla ya siku yenyewe umwambie unataka ulimi, mkia, maini, utumbo na kongoro. Wasipoambiwa wanavitupa.